Madaraja Yenye Hisi: Tijara ya Nyenzo Mseto na Nafasi Yake Kusini mwa Maniema

Katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, kwenye njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, ambayo ni kipande cha njia ile ya kale iliyopitisha misafara ya pembe kutoka Nyangwe hadi Ujiji, na kutoka Ujiji hadi pwani, kazi ya kukagua madaraja madogo aghalabu haifanywi na mhandisi wala na mtu yeyote mwenye cheo, bali hufanywa na motoboi, kijana asafiriye juu ya shehena, ambaye lori lifikapo penye magogo yaliyolazwa juu ya kijito hushuka, akayapita kwa miguu, akayagonga kwa nyundo au kwa kipande cha chuma, akasikiliza kama mti unajibu kwa sauti kavu ya uzima au kwa sauti ya kitu kilicholiwa na mchwa kwa ndani, kisha akampungia dereva mkono apite, au akamwashiria asubiri mpaka ubao mwingine uletwe. Ukaguzi huo si wa kudharauliwa, kwa kuwa anayeufanya ndiye atakayeanguka pamoja na lori akikosea. Ila una upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hauweki kumbukumbu. Motoboi wa lori la pili huanza upya, na aliyoyasikia wa kwanza huondoka naye.

Tijara ninayokusudia kuieleza hapa imezaliwa na haja hiyo hiyo ya kujua hali ya kitu kwa ndani kabla hakijavunjika, ingawa imezaliwa katika miji ya mbali na kwa rasilmali nyingi. Ni biashara ya nyenzo mseto zenye vihisi, yaani mihimili, mabamba, nondo na vitambaa vya ujenzi vilivyotengenezwa hivi kwamba chombo cha kupimia hakibandikwi juu yake baadaye, bali hulazwa ndani wakati wa kutengenezwa, kikawa sehemu ya mwili wake mpaka mwisho wa umri wake.

Nyenzo mseto yenyewe si muujiza. Ni muungano wa vitu viwili visivyoyeyukana, kimoja kikiwa nyuzi zenye nguvu ya kustahimili kuvutwa, na cha pili kikiwa gundi izishikayo nyuzi hizo pamoja na kuzigawia mzigo, na nyumba ya fito na udongo ni ya ukoo huo huo. Watu wa mwambao wanaijua kwa jina la faiba, kutokana na boti zinazoundwa kwa nyuzi za kioo na gundi. Na Wakenya wa kaskazini wanaiona kila siku katika mapanga ya mitambo 365 ya upepo iliyosimamishwa karibu na Ziwa Turkana, ambayo yameundwa kwa nyuzi za namna hiyo. Iliyo ghali zaidi ni ile ya nyuzi za kaboni, ambazo kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1971, na ambazo leo ndizo sehemu kubwa ya mwili wa ndege ya Boeing 787, ndege ambayo takriban nusu ya uzito wake ni nyenzo mseto.

Kihisi ndicho chenye habari ndefu. Mwaka 1978, katika maabara ya serikali ya Kanada mjini Ottawa, mtaalamu Kenneth Hill na wenzake waligundua kwamba nuru kali ikipitishwa ndani ya uzi wa kioo yaweza kuacha katika kiini chake mistari ya kudumu, isiyoonekana kwa jicho, ambayo hurudisha rangi moja tu ya nuru na kuziachia nyingine zote zipite. Zilipita zaidi ya miaka 10 kabla ugunduzi huo haujawa bidhaa, kwani ilikuwa mwaka 1989 ambapo Gerald Meltz na wenziwe walionyesha namna ya kuichora mistari hiyo kutoka ubavuni mwa uzi, mahali popote na kwa rangi yoyote itakiwayo. Faida yake ni hii: uzi ukivutwa, nafasi baina ya mistari hupanuka, na rangi inayorudi hubadilika, ukisinyaa, rangi hubadilika kwa upande wa pili. Uzi wenyewe, pamoja na ganda lake la kioo, una unene wa sehemu 125 za elfu za milimita, unaokaribiana na wa unywele, na fundi huulaza baina ya tabaka za kitambaa cha nyuzi kabla ya kumimina gundi, bila kuupunguzia mhimili nguvu zake kwa kiasi cha kutia hofu.

Tuchukue mfano wa mhimili wa mita 10 ambao lori limeupita ukarefuka upande wa chini kwa milimita moja. Mashine ya kusomea, ambayo hupeleka nuru yenye urefu wa wimbi upatao nanomita 1,550, itaona wimbi linalorudi limesogea kwa nanomita 0.12 hivi, nacho ni kiasi kidogo mno machoni mwetu, lakini kwa mashine hiyo ni dhahiri kama mchana. Shida ni kwamba joto nalo husogeza wimbi, na nyuzi joto moja ya Selsiasi huleta badiliko la karibu mara nane ya lile liletwalo na mnyooko wa sehemu moja ya milioni. Basi jua la saa nne asubuhi likilipiga daraja lililolala na umande, mashine isiyofunzwa itaandika kwamba msafara mzima wa malori umepita, ilhali hakuna aliyepita ila mama mmoja na kapu la mihogo. Kwa sababu hiyo kila mpangilio wa dhati huweka pembeni uzi wa pili usioshikwa na mzigo, upimao joto peke yake, ili hesabu ya kwanza itolewe humo. Yuko pia mpinzani wa uzi wa nuru, naye ni kaboni yenyewe, ambayo hupitisha umeme na kubadili ukinzani wake inapovutwa. Chen na Deborah Chung, katika chuo kikuu cha Buffalo, New York, walionyesha mwaka 1993 kwamba zege iliyochanganywa na vipande vifupi vya nyuzi za kaboni yaweza kujihisi yenyewe bila ya kifaa kingine ndani yake. Ni fikra nzuri sana, lakini sokoni uzi wa nuru bado ndio wenye kuaminiwa zaidi.

Wakanada, walioanza, ndio pia waliothubutu mapema. Daraja la Beddington Trail mjini Calgary, la mwaka 1993, lilikazwa kwa kamba za nyuzi za kaboni na kutiwa vihisi vya nuru, na mwaka 1997 likafuata daraja la Taylor huko Headingley, Manitoba, ambalo baadhi ya mihimili yake ina nondo na kamba za namna hiyo. Lakini kilichoifanya biashara hii kuwa biashara hasa ni misiba. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu mjini Minneapolis, Marekani, lilianguka jioni wakati wa msongamano wa magari, wakafa watu 13; lililojengwa badala yake mwaka uliofuata likapewa vihisi zaidi ya 300. Tarehe 14 Agosti 2018 likaanguka daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, wakafa watu 43. Tangu hapo serikali nyingi za Ulaya zilianza kuuliza, si daraja limejengwa na nani tu, bali pia nani analisikiliza.

Nasi hatukukosa misiba yetu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, katika zama zile zile ambapo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliitawala Kasongo na kupeleka pembe zake kwa Sultani huyo, ilidondoka kona moja mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa ikifanyiwa ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, wakafa watu wawili. Jengo lililotoa ishara ya hatari miaka minane kabla halikuhitaji muujiza. Lilihitaji mtu wa kulipima kila mwezi na kuandika. Kule Kenya, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia liliporomoka Juni 2017 hata kabla ya kumalizika, na habari hiyo ni onyo kwa wachuuzi wa vihisi, kwa kuwa hakuna uzi wa nuru uwezao kufidia ujenzi uliokwenda kombo tangu mwanzo.

Sasa turudi Maniema, mahali ambapo msomaji wa haraka atasema kwamba mambo haya hayahusiki kabisa. Mimi naona kinyume chake. Chombo kinachojipima chenyewe kina thamani ndogo mahali ambapo mhandisi aweza kufika kwa teksi, na kina thamani kubwa mahali ambapo mhandisi hufika mara moja kwa mwaka, au hafiki kabisa. Na kadiri njia inavyozidi kuwa mbovu, ndivyo habari ijayo yenyewe inavyozidi kuwa na bei. Fauka ya hayo, hesabu ya uzito peke yake yatosha kumfanya mfanyabiashara afungue daftari lake. Sakafu ya daraja ya zege yenye unene wa sentimita 20 ina uzito wa kilo 480 hivi kwa kila mita ya mraba, na ile ya faiba huwa karibu kilo 100. Basi daraja la mita 20 kwa upana wa mita 4 litahitaji tani 38 za zege au tani 8 za faiba. Ni kweli kwamba mchanga na kokoto hupatikana papo hapo, lakini saruji na nondo hazipatikani, na mzigo wa ng'ambo uendao Kasongo kutoka Dar es Salaam hupanda reli ya kati hadi Kigoma, ukavuka Tanganyika hadi Kalemie, ukapanda reli iliyofika huko mwaka 1915, ukaelekea Kabalo na Kongolo, kisha, ikiwa unafuata reli ya Kindu ipitayo magharibi ya Lualaba, ukavushwa mto kuja upande wa Kasongo. Kila kupakua ni gharama, na kila kupakua ni fursa ya mfuko kupasuka. Mabamba ya faiba yaweza kubebwa na makuli sita, bila winchi.

Mchwa hawaili faiba, wala kutu haiigusi. Lakini muuzaji aliyekaa Ulaya hataeleza habari ya moto, kwa sababu hajui kwamba katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mbuga za Kasongo huchomwa, na kwamba moto huo hupita kandokando ya barabara bila kuuliza ni nani aliyefadhili daraja. Gundi nyingi zitumiwazo katika ujenzi huanza kulegea kwenye joto la kati ya nyuzi 60 na 120, na nyasi zinazowaka zimepita kiasi hicho mbali sana. Nyenzo ya namna hii ikiletwa, basi iletwe na rangi ya kuzuia moto, na pia iletwe na mkataba wa kulipa vijana wa kijiji wafyeke nyasi hatua kadhaa kila upande kabla ya Juni, kazi ambayo haimo katika orodha ya bei ya kampuni yoyote niijuayo.

Wizi nao una sura yake. Nyaya za shaba za vihisi vya zamani huwa nyongeza ya kipato cha mtu fulani kabla mwezi haujaisha. Uzi wa kioo hauna mnunuzi, na hilo ni jambo jema ambalo wauzaji hawalitangazi inavyostahili. Kinachoibiwa ni bamba la jua na betri, na kwa hiyo mpangilio wowote ambao lazima uwe na umeme usiku na mchana kando ya daraja utakufa mapema, hata kama vihisi vyake vitaishi miaka 50.

Wako wasemao kwamba Kongo haina watu wa kuendesha utaratibu wa namna hii. Hao hawajafika Matadi. Daraja la kuning'inia la Matadi, lililojengwa na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1983, lenye urefu wa mita 722 na nafasi ya mita 520 kati ya minara yake, limekuwa mikononi mwa mafundi na wahandisi wa OEBK, shirika la kwetu, ambao katika miaka ya vita, misaada ilipokatika, waliendelea kulikagua, kulipaka rangi na kuandika, na mishahara yao ikitoka katika ushuru wa magari yavukayo. Na Wajapani waliporejea walikuta daraja lililotunzwa, wakaongeza mtambo wa kupuliza hewa kavu ndani ya nyaya kuu ili kuzuia kutu. Mfano huo wanipendeza kuliko ule wa Calgary, kwa sababu unaonyesha mpangilio ulivyo: kwanza wapatikane wasomaji wenye mshahara, kisha ndipo kiongezwe cha kusomwa. Miradi mingi hugeuza mpangilio huo, ikanunua mashine mwaka wa kwanza, ikafunza watu kwa wiki mbili, ikaondoka. Na habari zikaendelea kwenda, kama zinakwenda, katika kompyuta iliyo katika mji ambao hakuna mtu awezaye kuamuru ubao mmoja ubadilishwe.

Kama ningeulizwa fedha chache zilizopo zianzie wapi, nisingezipeleka kwanza katika madaraja ya magogo, ambayo yanahitaji kuondolewa na wala si kupimwa. Ningetaja mahali pawili. Pa kwanza ni daraja la Kongolo, kusini ya Kasongo, lililokamilika mwaka 1939, likaharibiwa katika machafuko ya miaka ya 1960 na kutengenezwa tena, nalo ndilo kiungo cha reli ya Maniema na ile ya Katanga. Daraja la chuma la umri huo halihitaji kujengwa upya ili lipate hisi. Ziko sokoni tepu za nyuzi za kioo zenye uzi wa nuru ndani yake, kama zile za kampuni ya Smartec ya Uswisi, ambazo hubandikwa kwa gundi juu ya chuma kilichosuguliwa, na yako mabamba ya kaboni yenye vihisi ambayo huupa mhimili mkongwe nguvu na kuupima kwa wakati mmoja.

Pa pili, ambapo ni nyeti zaidi, ni Namoya, upande wa Salamabila katika wilaya ya Kabambare, penye mgodi wa dhahabu ambao kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza mwanzoni mwa 2016 kwamba umeanza uzalishaji wa kibiashara, na ambao mwaka 2019 kazi zake zilisimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Makampuni huja na kuondoka. Tope lililotumika katika kuchenjua dhahabu kwa sianidi hubaki, likiwa limezuiwa na kingo za udongo, na kingo hizo zinahitaji kuangaliwa hata wakati ambapo hakuna mtu wa kampuni awezaye kukaa hapo. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu huko Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, walipokufa watu 270, na kutokana na msiba huo ukatoka Agosti 2020 utaratibu wa kimataifa wa mabwawa ya masalio ya migodi. Na majirani zetu wa Zambia walionja tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mgodi wa Sino-Metals karibu na Chambishi lilipobomoka na kumwaga maji yenye asidi katika kijito kiingiacho mto Kafue.

Kwa kingo za namna hiyo iko bidhaa ambayo naihesabu kuwa ndiyo yenye manufaa kupita zote katika tijara hii, nayo ni kitambaa cha ardhini kilichofumwa pamoja na uzi wa nuru, mfano wa kile kilichobuniwa na kampuni ya TenCate, ambacho hutandazwa ndani ya udongo na kufanya kazi mbili, kushika udongo usiteleze na kueleza ulipoteleza. Uzi mmoja waweza kusomwa katika kila mita ya urefu wake kwa kilomita nyingi, na kwa kuwa maji yanayovuja huwa na joto lisilolingana na la udongo unaoyazunguka, mahali pa uvujaji hujitokeza katika hesabu siku nyingi kabla ya jicho kuona unyevu. Waholanzi waliipima bidhaa ya namna hii katika kingo za majaribio huko Booneschans, wakazibomoa kwa makusudi ili waone kama vihisi vitatangulia kusema. Sharti la kutandaza kitambaa hiki lingeweza kuandikwa katika leseni ya yeyote atakayetaka kuendesha mgodi wa Namoya au wowote mwingine Maniema, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya dhahabu itokayo hapo.

Kwa barabara, mlipaji wa kawaida ni mfuko wa matengenezo, FONER, ulioanzishwa mwaka 2008, ambao hupata fedha zake hasa katika tozo ya mafuta na malipo ya njiani, na mtendaji ni Office des Routes. Ningewashauri wasinunue mashine ya kudumu kwa kila daraja, bali wanunue madaraja yenye nyuzi ndani yake, ambazo zenyewe si ghali na hazidai umeme zinapolala, kisha mkoa mzima uwe na mashine moja ya kusomea, ya kubebeka, ambayo ndiyo yenye bei ya maelfu ya dola, ikae mikononi mwa fundi mmoja wa Kasongo mwenye mshahara na pikipiki. Atapita mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Agosti kabla ya mvua kuanza, na mwishoni mwa Mei zikiisha, akachomeka uzi, akalisimamisha katikati ya daraja lori lenye uzito unaojulikana, akaandika, akaenda lifuatalo, mpaka Kabambare. Fungu la petroli na la kukodi lori liwekwe ndani ya mkataba wa ununuzi, kwa miaka 10, kabla mkataba wa daraja la kwanza haujatiwa saini.